Asante Haisemwi Mapema

Anastasio Verón amezima injini.
"Hapa," asema, "mashine ni mgeni asiyepiga hodi,"
akachukua pondo,
na mashua ya bati ikapenya matete
kama sindano kwenye kitambaa kikuukuu.

Maji haya ya Iberá si mto, si ziwa;
ni mvua iliyokataa kuondoka.
Na hivi ninavyoviita visiwa
ni mizizi iliyokumbatiana hadi ikaota udongo:
juzi hiki kilikuwa kule penye mitende,
leo kiko huku,
na kulungu aliye juu yake anatafuna
bila habari kwamba amehama mtaa.

Tuko watano. Bwana mmoja wa Rosario anahesabu mamba
kwa sauti, kama mdai madeni.
Wamelala kingoni, vinywa wazi.
Kipepeo wa manjano anakunywa chozi la mmoja wao.
Kapibara na wanawe sita wanatutazama
kwa uso wa karani aliyekwishafunga dirisha.

"Baba alikuwa hodari," Verón asema. Hakuulizwa.
"Mimi nilishika taa. Nina miaka minane, mkono unatetemeka.
Macho yao usiku ni mekundu;
ukiyamulika, hawakimbii.
Ngozi moja, kilo tatu za unga, na sukari kidogo."
Wa Rosario akaacha kuhesabu
kwenye arobaini na moja.

Kibuyu cha mate kinazunguka, mrija mmoja, midomo mitano.
Mara ya kwanza nilikirudisha nikasema asante,
kwa adabu zangu zote.
Kikanipita. Kikanipita tena.
Ndipo Itatí, bintiye, aliyepakata kasia la akiba,
akaninong'oneza: huku asante
maana yake nimetosheka.

Giza lilipoingia Verón alitoa taa.
Kama ni ileile, sijui.
Akaimulika mara moja tu,
na kinamasi kizima kikafumbua macho,
makaa, makaa, makaa,
mengine madogo kama mbegu za mpapai,
hayakimbii.
Hakuna aliyepiga picha.
Akaizima kabla hatujamwomba,
akasukuma pondo, na kwa muda mrefu
tukasikia maji tu yakidondoka kutoka ncha yake.

Gatini alinishika mkono nivuke.
Neno lilikuwa tayari ulimini.
Nikalimeza.
Nikamuuliza: kesho mnaondoka saa ngapi?