Hodi, Mikindani

Tulishuka konani, mimi na mdogo wangu Somoe.
Basi la kutoka Masasi halikuzima hata injini.
Kondakta akashangaa: "Hapa? Mjini bado."
Hapa hapa, nikasema. Ndipo tulipokusudia.

Maji yalikuwa yamekupwa.
Ghuba imebaki tope linalong'aa
na kunguru wawili wakigombea utumbo.
"Bahari imekwenda wapi?" aliuliza Somoe,
kana kwamba ilituahidi.

Sisi tumekulia chini ya milima ya mawe,
mawe yasiyowahi kutoka nyumbani.
Ya huku yalizaliwa majini.
Ukiweka kiganja ukutani unayasikia matundu,
kama mkate wa kumimina uliopoa.

Mimi fundi cherehani, jicho langu hupima lenyewe.
Kichochoro: upana wa khanga moja.
Roshani: mbao zimetobolewa mfano wa lesi,
ila pindo limefumuka upande wa kusini
na aliyelishona hayupo wa kulirudia.
Boma kule juu, jeupe, lina wageni wake;
tuliuliza bei ya soda, tukashukuru, tukashuka.

Kisha mlango.
Minyororo imechongwa kuzunguka fremu, na mawaridi,
na samaki mmoja aliyesuguliwa na mabega ya wapitao
hadi amebaki kovu.
Somoe akatoa simu. Nikasimama kando,
mkono kiunoni, kama mwenye nyumba.
Tulipiga saba. Ya saba nilifumba macho.

Ndani ikatoka sauti
ya mtu asiyeacha kuchambua mchele:
"Picha, kila siku wanapiga.
Hodi, hajapiga mtu."

Nikaona haya,
haya ya fundi aliyekutwa
akimpima mtu kwa nyuma, bila ruhusa.
Nikabisha, nimechelewa.
"Karibuni. Viatu hapo."

Hakukuwa na dari.
Palipokuwa sebule umeota mpapai,
mabati sita yamejibana pembeni juu ya kitanda na redio,
na kamba ya nguo imefungwa
kwenye dirisha la ghorofa ambayo haipo.

Bi Tabia hakutuonesha kitu.
Alituuliza sisi wa nani,
mvua za kwetu, korosho msimu huu bei gani,
akatumiminia chai ya mdalasini
katika vikombe viwili visivyojuana.
Yeye alinywea kifuniko cha chupa.

"Kuna mtu wa Dar anautaka mlango.
Kaleta bei."
Tukanyamaza, tukingoja neno la kukataa.
"Nimemwambia aongeze," akasema,
akaendelea na mchele.

Dirisha la kitandani lilizibwa kwa gunia la saruji,
maandishi yakitazama ndani.
Niliomba kulipima. Akanitazama,
akasogeza redio.
Shubiri nne na vidole viwili.
Nikaziandika kiganjani kwa kalamu ya Somoe.

Tulipotoka, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mikoko,
yamerudi tukiwa na migongo yetu huko,
bila mtu kuyapokea.

Kwenye basi Somoe alizifuta picha sita,
akaacha ile niliyofumba macho.
Mimi nilikaa kiganja wazi njia nzima,
jasho lisifute hesabu.

Pazia ni la bluu. Litashuka na basi la Ijumaa.
Nimemwambia kondakta: konani,
si mjini.
Na apige hodi.