Nyama ya Nyanya Mbichi

Ziwa halikupiga hodi.
Lilipanda Kayenze usiku wa Jumanne,
likapita matete, likapita kaburi la mbwa wetu,
likaingia tuta la kwanza la nyanya
kama mgeni anayejua chumba chake kilipo.

Asubuhi nilisimama majini hadi magotini,
beseni likielea nyuma yangu kwa kamba ya kiunoni,
nikichuma nyanya ambazo haikuiva hata moja:
kijani, ngumu, zikigongana ko, ko, kama kokoto.
Bwana Lutonja alipita na mbuzi wake, akasimama.
"Hizo hata mbuzi wangu wataomba radhi."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Madebe mawili na nusu.
Mbegu nimekopa. Mbolea nimekopa.
Hata beseni ni la Holo.

Shangazi Nyanzobe, aliyepika miaka kumi na tisa
jikoni kwa masista, upande wa Sengerema,
alikuwa na kitu alichokiita nyama.
Kila Krismasi, nyama, ndani ya maandazi madogo,
na nyama haikuwamo.
Tulipasua kwa kidole, mimi na Doto, tukitafuta.
"Shangazi, nyama iko wapi?"
"Kula. Itakuja."

Kipimo hakuandika. Kipimo kilikuwa kikombe cha bati
chenye kovu la buluu ukingoni,
na baada ya matanga mtu alikichukua;
hadi leo hajakiri.
Basi nakumbuka kwa mikono.

Katakata ndogo, ndogo kuliko za kachumbari.
Nyunyiza chumvi, zilale zikitoa machozi.
Kukicha mwaga yale maji ya kijani yanayokereketa,
mwaga mbali na kuku.
Suuza. Kamua kwa kipande cha kanga iliyochoka,
kamua kama unadaiwa.
(Nadaiwa.)

Sukari guru nusu ya uzito, au uliyo nayo.
Ganda la limau, bila ule weupe wake mchungu.
Zabibu kavu nilizikuta Makoroboi,
kipakiti kidogo kuliko kiganja;
nikasoma bei, nikakirudisha rafuni kwa heshima.
Nikatia furu. Tunda, si samaki,
ingawa kwetu ukisema furu watu hutazama ziwani.
Ukwaju. Tangawizi. Karafuu tano;
ya sita iliangukia majivuni.
Na kijiko cha mafuta ya alizeti
mahali pa yale mafuta ya ng'ombe waliyotia masista,
ambayo pengine ndiyo ilikuwa nyama yote
tuliyoitafuta.

Kisha moto mdogo.
Saa ya kwanza, ni mboga iliyokosewa.
Saa ya pili, ni jamu isiyojiamini.
Saa ya tatu Holo alikuja kudai beseni lake,
akasimama mlangoni, pua juu,
akasahau beseni.
"Unapika nini?"
"Nyama."
Akachungulia: weusi unaong'aa, ukitokota pu, pu,
kama tope anapopumua kamongo.
"Nyama iko wapi?"
Nikampa kijiko.
Akakaa chini pale pale, juu ya gunia la mkaa,
na gauni lake la kwaya.

Chupa kumi na moja: za asali, za siagi ya karanga,
moja ya dawa ya kikohozi, iliyochemshwa mara tatu.
Nne zikaenda kwa mwenye mbegu,
tatu kwa mwenye mbolea, ambaye alitaka hela
na akarudi kesho yake kutaka ya nne.

Sasa ni Desemba. Maji yamerudi nyuma,
yameacha vijiti vya nyanya vimesimama bila kazi,
kimoja kimetoa majani;
si ya nyanya, ni ya kijiti chenyewe.
Chupa ya mwisho iligoma, nikaigonga kizingitini.
Mjukuu wa Doto amepasua andazi kwa kidole.
Anatafuta. Anageuza. Ananitazama.

Nami kinywa kimejaa,
siwezi kumjibu.