Morisi ya Mkunga

Tudor, saa mbili asubuhi, joto limefika kabla yangu.
Bi Mwanashaha anifungulia boneti kwa pindo la leso.
"Angalia," asema, "lakini usiniambie ninunue Proboksi."

Morisi ya kijivu, umri wake waupita wa babangu,
imebeba mkoba wa ukunga tangu barabara hii ni ya vumbi,
na mwaka wa ishirini na sita huu
haiwaki ila kwa kusukumwa.
Ndiyo maana hulazwa hapa, pua mteremkoni,
jiwe chini ya gurudumu,
na vijana wa mtaa wakisikia mlango wake ukigonga usiku
hutoka na vikoi, nusu usingizini, mabega tayari.
Mamangu husema nilichelewa kuzaliwa robo saa
kwa sababu msukumaji mmoja alikuwa akitafuta kiatu.

Navuta kitufe cha stata.
Ta.
Navuta tena. Ta,
kama mtu abishaye hodi nyumba asiyo na hakika nayo.

Mafundi wamepita humu, naisoma mikono yao:
huyu alifunga kwa tepu nyeusi,
huyu kwa plasta ya hospitali (ya Bi mwenyewe, bila shaka),
huyu kaunga waya wa redio, mwembamba kama uzi wa kofia,
akautwika mzigo wa kugeuza injini.
Nyaya za asili zimevikwa kitambaa;
ukizikunja zamwaga vumbi la rangi ya mdalasini.
Betri mpya, swichi mpya, stata yenyewe mara mbili.
Wote waliufuata umeme unakokwenda.

"Na hii choki," asema. "Nikivuta stata
yaniunguza vidole.
Fundi wa Changamwe alisema ni joto la Mombasa."

Nikaweka bisibisi chini.

Gari hizi za zamani zina ada yake:
chanya ndiyo hufungwa mwilini, hasi ndiyo hutumwa kazi,
na umeme, uende uendako, sharti urudi betrini.
Nikalala, mgongo kwenye kokoto,
tochi mdomoni, jasho machoni,
nikapapasa kati ya injini na chasisi
palipostahili kuwa na utepe wa shaba uliosukwa.
Bolti ipo. Kutu ipo, kijani cha mlango wa msikiti.
Utepe umebaki nyuzi tatu.

Kumbe miaka yote hiyo umeme ulikwenda kazini
ukakosa pa kurejea,
ukapita uchochoro wa choki,
ukichoma kila ulipogusa.

"Umeme nao wataka ndia ya kurudi?"
"Sana, Bi."
Akahesabu kwa vifundo vya vidole, midomo ikicheza.
"Watoto mia tisa na ushei," akasema, "kwa kusukumwa."

Nikakwangua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe.
Utepe nilikwisha ukata kwenye lori bovu la Shimanzi, shilingi mia mbili;
nikaukaza kwa spana ya nusu inchi,
maana Morisi haijui milimita.
Waya wa redio nikaung'oa.
Plasta nikaiacha. Haikuwa na kosa.

"Haya, Bi. Vuta."

Kibwana na Sudi na yule mtoto wa kinyozi
walikuwa wameshainamia buti, miguu imekita.
Akavuta. Injini ikageuka, ikapiga chafya, ikashika,
moshi wa samawati ukawapiga magotini,
gari likasogea lenyewe
nao wakabaki hivyo, viganja vimenyooshwa,
kama watu walioegemea ukuta, ukuta ukaondoka.

Bi Mwanashaha akagusa choki kwa nyuma ya mkono,
vile agusavyo paji la mtoto.
"Baridi."
Akanilipa elfu moja na nusu, na kopo la visheti.

Jioni nikapita tena.
Morisi iko palepale, pua mteremkoni,
jiwe chini ya gurudumu.
Nikauliza, kidogo nimeudhika.

"Wewe wasema imepona," akanijibu kutoka dirishani,
"nami sikukatai. Lakini kwangu mimi
mzazi hatoki ndani kabla ya arubaini."