Daftari la Gome

Niliposhuka Uwemba na sanduku lenye vibandiko vya viwanja vitatu,
mama aliniuliza jambo moja:
"Baridi ya Urusi inaishinda ya kwetu?"
Ulikuwa Julai. Sakitu imeunguza mashina ya viazi,
maji ya ndoo yamefunga utando mwembamba kama wa maziwa.
Nikamwambia, kwa miezi hii, hapana.
Kule jua linakataa kuzama, na mbu ni wanene.
Akafurahi kimyakimya,
kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake amekuwa wa kwanza kwenye maonyesho.

Sikwenda kutembea, mama.
Kiwanda kilinipeleka kusomea mashine za kukausha chai,
wiki sita za mabomba na mvuke na mkalimani mwenye mafua.
Jumamosi moja isiyo na kazi nikapanda treni
kwenda Novgorod, kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu
na jina lake, waliniambia, maana yake ni Mji Mpya,
nao una zaidi ya miaka elfu.
Nilicheka peke yangu stesheni.
Hata Makambako haina ujasiri huo.

Nilizunguka ngome ya matofali mekundu.
Nilisimama darajani, mto Volkhov ukipita chini
mpana, wa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Nikapiga picha za makanisa.
(Mama aliishika simu mbali na uso, kisha karibu:
"Nani aliwapandia vitunguu juu ya paa?")

Halafu mvua. Nikaingia makumbusho kujikinga, si kujifunza.
Na humo, nyuma ya kioo,
vipande vya gome la mti,
vimekunjamana kama ngozi ya kisigino,
vimechorwa herufi kwa ncha kali.
Nilitegemea maneno ya wafalme.
Simu yangu ikatafsiri kwa kigugumizi:
fulani, shayiri, vipimo viwili.
Fulani, samaki, hajalipa.
Mjane wa fulani, chumvi.

Mama, nilishika ukingo wa kabati lile.
Mlinzi, bibi mwenye shali magotini, akanyanyuka,
akadhani nataka kuiba.
Ningemwambiaje, kwa lugha gani,
kwamba huu ni mwandiko wa Yordani Mligo,
duka la bati, njia panda ya kwenda mnadani,
daftari lenye jalada la bluu, kalamu imefungwa kwa uzi?
Mtewele, chumvi nusu kilo.
Mjane Nyagawa, mafuta ya taa, chupa moja.
Mwalongo, betri mbili, atalipa viazi vikitoka.

Niliketi kwenye benchi mpaka mvua ikakatika.
Bibi akaniletea peremende moja, bila neno.

"Daftari lile liko wapi?" nimemuuliza mama usiku huu,
moshi ukitafuta mlango, ulanzi ukipoa kwenye kikombe cha bati.
Akasogeza kuni kwa mguu.
"Niliwashia moto. Mwaka ule wa mvua nyingi,
kuni zote zilikuwa zinalia."
"Na madeni?"
"Walikuja kumzika baba yako. Walibeba, walichimba,
walilala hapa nje siku tatu na baridi yao.
Unataka walipe mara ngapi?"

Nikanyamaza. Nikatoa sandukuni
kipande cha gome kitupu, nilichouziwa nje ya geti la ngome,
cheupe upande mmoja, upande mwingine rangi ya mkate.
Akakinusa. Akakipinda kidogo, hakikuvunjika.
Akanyoosha mkono mpaka kwenye nguzo,
akachomoa msumari anaotundikia chujio,
akanipa.

"Ila Mwalongo hakuja," akasema.
"Andika. Betri mbili."