Rangi ya Majani

Stockton, California, elfu mbili na nane.
Nimebeba mtungi wa rangi mgongoni,
nanyunyizia nyasi zilizokufa
ziwe kijani, hata kwa wiki moja,
mpaka mnunuzi apite na gari.
Dola arobaini kwa ua.

Nyumba hii naijua. Niliwahi kuiandika.

Eulalia Barragán alikuja ofisini jioni
na harufu ya nyanya za kiwandani kwenye nywele,
na mtoto mwenye kiatu kimoja.
Mapato kwa mwezi? nikauliza.
Elfu moja na mia tisa, akasema, msimu ukikubali.
Msimu. Fomu haikuwa na kisanduku cha msimu.
Nikamtazama Bwana Pruitt ng'ambo ya kioo.
Akainua vidole sita.

Hakuna aliyesema uongo, tuelewane.
Mama alitia saini palipowekwa alama.
Mimi nilichapa tu.
Pruitt aliinua mikono tu, labda alikuwa anamsalimu mtu.
Karatasi ikauzwa, ikauzwa tena,
ikakatwakatwa pamoja na za wenzake kama kachumbari,
ikaliwa na watu wasioweza kuionyesha Stockton kwenye ramani.

Na riba, miaka miwili, ilikaa kama mgeni mwenye adabu:
sauti ya chini, viatu mlangoni.
Mwaka wa tatu
mgeni akamkabidhi mwenyeji jembe.

Leo mlango haujafungwa.
Bwawa la kuogelea limegeuka mchuzi mzito,
halmashauri imetia vijisamaki wale viluwiluwi vya mbu.
Kwenye mwimo wa mlango, mistari ya penseli:
mtoto akirefuka, akirefuka,
kisha rangi nyeupe tupu mpaka juu.

Juu ya sinki kuna kikaratasi,
kwa mwandiko ule ule uliotia saini mara kumi na tisa:
Bomba hili ni bishi. Zungusha kushoto kwanza, kisha kulia.

Alimwandikia nani? Benki?

Nikazungusha kushoto.
Kisha kulia.
Maji yalishakatwa.

Nilipogeuka kuondoka nikaziona kwenye vigae,
toka mlangoni hadi kwenye sinki,
nyayo zangu, za kijani,
mbichi kuliko kitu chochote kilichoota hapa.