Tisa, Kumi

Mashine tumeiweka kwenye zidaka,
mahali pa sahani za bibi wa mtu, zamani,
katika ofisi ya Kadhi, Lamu, ukuta wa matumbawe
unaotoka jasho la chumvi hata kiangazi.
Feni yake hulia kama mbu aliyenaswa chandaruani.

Saa tatu kasorobo Shekuwe akaniita:
"Cheti hakitoki. Mzigo unapanda."
Nikatazama. Thelathini na mbili. Arubaini.
Na ubongo wa mashine hauna kazi, umekaa tu
kama karani baada ya biriani la harusi.
Huu haukuwa mzigo wa wanaofanya kazi.
Ulikuwa wa wanaongoja.

Nikashuka safu kwa safu, nambari kwa nambari.
Wenye Z nawajua, hao hawanisumbui:
mtoto amekufa, ameoshwa, amekafiniwa,
mzazi hajaja kutia sahihi daftarini,
basi jina limebaki, mwili haupo.
Maiti huiui. Unamtafuta mzazi,
na mzazi akiondoka, nambari moja huwapokea wote,
mlezi wa mayatima tangu mashine ilipowashwa.

Lakini huyu, 4417, alikuwa na D.
Usingizi usioguswa.
Nilimwomba kwa adabu, kwa kumi na tano. Kimya.
Nikampelekea tisa, ile isiyo na rufaa,
ambayo sijaona programu ikaibishia.
Kimya.
Sikio la kufa halisikii dawa;
hili halikusikia kifo chenyewe.

Tisa tena. Shekuwe akacheka: "Mpige na ya kumi!"

Hiyo tisa. Kumi ni kwamba
nje ya mlango, kwenye benchi, aliketi Bi Mwanamkuu,
mkoba magotini, risiti ya ada mkononi,
akisubiri cheti cha faskhi.
Mume alikwenda Sohar kuendesha kreni.
Barua mbili, simu moja, kisha hakuna.
Talaka hakutoa. Kufa hakujulikana.

Nikaiuliza mashine: huyu amelalia mlango gani?
Ikanionyesha: hazina iliyo Mokowe,
ng'ambo, bara, tunakohifadhi nakala.
Aliomba faili. Akaambiwa subiri. Akasubiri.
"Huenda wasijibu" ni neno asilolijua; hakuna aliyemfundisha.
Na barua yangu ya kifo iko kizingitini,
maana aliyelala hivyo haamshwi na mtu
mpaka kwanza apate alichoomba.

Ningeweza kuizima mashine yote. Kidole kilifika kwenye swichi.
Wangekufa wenye hatia na wasio na hatia,
na mirathi ya watu wa Shela katikati ya hesabu.
Nikapiga simu Mokowe.

"Aa," akasema Bwana Kombo, mlinzi,
"kuna kitu nimekichomoa hapa, nipige pasi kanzu.
Ijumaa leo. Narudisha sasa hivi."

Taa ya kijani. Niliona kwa macho yangu:
4417 akazinduka, mkono ukashika faili,
akageuka,
na barua yangu ikawa ya kwanza kumlaki.
Ya pili haikuhitajika.
Mzigo ukaporomoka hadi sifuri na nukta.
Cheti hakikutoka.

Nikatoka kumweleza, nisijue nianzie wapi.
Akasikiliza, akauliza:
"Kilikuwa kibovu?"
"Hapana. Kilikuwa kikingoja jibu."
"Na jibu likaja?"
"Likaja."
Aliikunja risiti, akaikunjua.
"Nawe ukawa ushamuua."

Kisha, bila ukali: "Haya, anza tena.
Mimi nina myaka kumi na moya."

Nikaketi. Nambari mpya, 5102.
Ikaandika D, kwa kitambo cha pumzi moja.
Shekuwe akanyoosha mkono kwenye kibodi.
Nikaushika.