Mwauza Nini?

Konde, gari lilipotushusha,
mtoto wa kwanza aliyetuona
na mabegi yametupita vichwa
alikimbilia uani: "Mama, wauzaji!"
Mama akatoka na unga mikononi,
akatutazama mmojammoja.
"Mwauza nini?"
Hatuuzi, akasema Msengi, tunatembea.
"Mwatembea mwenda wapi?"
Tunatembea tu.
Akafikiri. Akashusha sauti:
"Mmefukuzwa?"

Wanne sisi, wa Mandewa, mtaa mmoja,
tuliokulia kando ya Singidani,
ziwa la chumvi lisilo na haraka;
uliache asubuhi, jioni ulikute palepale.
Miaka mitano tulichanga, elfu tano tano,
zikakaa kwenye simu ya Helena.
Tulianza saba.
Wawili walioa, mmoja akanunua pikipiki.

Mama yake Msengi alituzuia stendi
na chupa tatu za asali.
Msiende kwa watu mikono mitupu.
Hatumjui mtu kule, mama.
Mtamjua.
Basi tukaibeba, kwa zamu, tukilaani,
msitu wote wa Ngezi,
popo wakubwa juu yetu wamening'inia
kama nguo zilizosahauliwa kuanuliwa.

Vumawimbi tulifika baada ya isha,
mbalamwezi, na bahari haipo.
Mchanga tu, na mchanga, na mstari mweupe mbali.
Ntandu akashika kichwa: imekauka!
Kwetu ziwa likirudi nyuma hivyo
watu huanza kuhesabu magunia.
Tukapiga hema katikati ya uwanja ule,
tukausifu ulivyo sawa, ulivyo safi, ulivyo wa bure.
Ntandu akavua viatu
akavipanga kama mlangoni pa msikiti.

Saa tisa usiku mwenye uwanja akarudi.

Nakumbuka kelele, na kwamba nyingine ilikuwa yangu.
Nakumbuka Helena magotini mwa maji
akipapasa kama anayetafuta sindano,
halafu akaja na simu
ikitiririka miaka mitano.

Asubuhi tulianika Singida nzima vichakani:
sweta la Ntandu (nani alimwambia Pemba kuna baridi?),
shuka za shule za bweni,
noti tatu zilizokuwa mfukoni mwangu.
Msengi alisema si alisema.
Helena akamwambia aseme tena.
Hawakuzungumza mpaka Makangale.

Pale, kibarazani, mwanamke anakuna nazi.
Hakuinua uso.
"Mwauza nini?"
Siku ile hakuna aliyecheka.
Msengi alipiga goti, akafungua begi, akatoa chupa.
Asali, mama.

Bi Mize alichovya kidole.
Alikaa nacho mdomoni muda mrefu
hata nikaona haya, kama mtu anayesomewa barua yake.
"Nyuki wenu wala nini?"
Alizeti, akasema Helena. Na miti ya miiba.
"Nilijua," akasema. "Yakwaruza kooni."
Akaita jirani. Jirani akaita jirani.
Nikawaona wanawake sita wakilamba
kiangazi chetu, vumbi letu la Agosti,
wakibishana kama ni tamu au ni kali.

Chupa mbili ziliondoka kwa fedha taslimu.
Ya tatu Bi Mize aliiomba bei, Msengi akakataa,
akaisukuma tu kwake, kwa mikono miwili,
na Helena akamsogezea Msengi nafasi mkekani.
Tukala muhogo wa nazi na pweza
tuliyemtafuna kimyakimya, kama adhabu nzuri.

Kigomasha tulifika kesho yake,
Ntandu kavaa kandambili za Faki, kitinda mimba wa Bi Mize,
visigino nje, mchangani.
Mnara wa taa ulikuwa umefungwa.
Tukakaa chini yake, tukamenya machungwa.

Kuhusu bahari sijui niseme nini.
Niliiogopa siku zote nne.
Nililamba mkono wangu, hapo, wenzangu wakibishana njia:
chumvi ni ileile ya kwetu.
Ila hii haikai.